Geti Lililonyooka na Mlango

Nianze na geti, kwa sababu kila anayeniuliza ilikuwaje tukakaa miezi minane katika chumba kimoja kando ya choo, na nyumba yetu mpya iko mwendo wa nusu saa tu kwa miguu, imefungwa kufuli, lazima nimjibu kuanzia kwenye geti. Lilikuwa la chuma, la milango miwili, limepakwa kijani cha chupa. Nililichora mwenyewe kwenye karatasi ya kahawia ninayochorea kola za sare za shule, na fundi wa kuchomelea vyuma aliye nyuma ya soko la Migori akaliunda vile vile nilivyolichora, na almasi nne katikati. Nililipenda geti lile kuliko gauni langu la harusi, na gauni la harusi nililishona mimi.

Mimi ni fundi wa nguo. Mtu wa kazi yangu huuona upindo uliokwenda upande hata akiwa ng'ambo ya barabara, na humkera siku nzima. Ukiniwekea meza isiyolingana na ukuta siwezi kula. Mume wangu ni mwalimu wa hisabati katika shule moja ya kutwa nje ya mji, na siku ya kwanza alipokuja kwangu kupimwa suruali nilimwambia mguu wake mmoja ni mrefu kuliko mwingine. Yeye husema alinioa kwa sababu ya maneno yale. Mguu ni mrefu kweli, na mpaka leo suruali zake nazipinda kwa vipimo viwili.

Mimi ni Mkuria, wa upande wa kuelekea Isebania. Yeye ni Mjaluo wa Magunga, kule Homa Bay, karibu na mbuga ya Ruma. Nyumbani tunaongea Kiswahili, kwa sababu ndiyo lugha ambayo hakuna kati yetu awezaye kumpiku mwenzake akiwa amekasirika. Kwao ni Wasabato, mimi ni Mkatoliki. Watu walitabiri kwamba Jumamosi na Jumapili zingetuvunja. Wala hazikututingisha. Jumamosi yeye aliingia kanisani na Biblia yake yenye zipu, mimi nikafungua kibanda changu. Jumapili mimi nikaenda misa ya kwanza, naye akafua nepi na kuzianika huku majirani wakimchungulia. Anapika ugali mzuri kuliko wangu, na sioni haya kulisema. Katika vile vyumba viwili vya kupanga, na bomba moja la maji kwa milango kumi na miwili, tulikuwa na raha. Nayaandika haya mapema ili nikianza kumsema vibaya, na nitamsema, msidhani niliolewa na mtu mbaya.

Tuliponunua kiwanja, juu kidogo ya mji, kwenye mteremko unaotazama paa za Migori, matembezi yetu ya Jumapili yalibadilika. Zamani tulikuwa tukienda mbali. Mara moja tulikwenda Ruma, binti yetu akaona twiga watatu na akalia kwa sababu hawakutaka kushikwa. Mara nyingine tulishuka Homa Bay kula ngege ufuoni, samaki mzima kila mtu na wake, mtoto akapakwa mchuzi mpaka masikioni. Baada ya kununua kiwanja, kutembea kwetu kulikuwa ni kwenda kutazama ukuta. Tulibeba chai kwenye chupa, tukabeba mandazi, tukakaa juu ya matofali. Kabla hata ya msingi, wakati nyumba ilikuwa bado ni vigingi na kamba, binti yetu alikataa katakata kuruka kamba. Alizunguka mpaka pale tulipomwonyesha kuwa patakuwa na mlango, akaingia hapo, akakaa chini, akatuambia tubishe hodi. Tulibisha hodi sote wawili, watu wazima, mbele ya hewa tupu.

Nyumba ilipanda polepole. Ilipofika kwenye linta, juu ya madirisha, wezi walikuja wakachukua fremu mbili za madirisha. Tukaweka nyingine, wakachukua na hizo. Ndipo nikasema tuzungushe waya na tuweke geti.

Siku ya kupima nilimpa mume wangu ncha moja ya tepu ndefu ya fundi wa mawe. Alisimama katikati kabisa ya mlango wa mbele, nami nikaivuta kuelekea barabarani. Nilitaka mtu akifungua geti auone mlango mbele yake bila kupinda shingo, geti na mlango vikae kama kifungo na tundu lake. Nilirudi mara tatu kuhakikisha. Mara ya tatu aliniuliza, "Mama, lazima inyooke na mlango hivyo? Haiwezi kukaa kando kidogo?" Nikamwambia lazima inyooke. Akasema sawa.

Lishikeni hilo neno sawa. Mimi nimelishika mpaka leo.

Tulihama Jumapili moja ya Agosti, shule zikiwa zimefungwa. Pikapu ilibeba kitanda, viti, meza ya kukatia nguo, masufuria, na cherehani yangu iliyofungwa katika blanketi mbili. Vyumba vya kupanga tulikuwa tumeshavirudisha. Mama mkwe alikuja kutoka Magunga pamoja na baba mdogo, ndugu wa marehemu baba mkwe, waiombee nyumba. Aliniletea unga wa mtama, na samaki wa mbuta waliokaushwa ambao dada yake wa kisiwa cha Mfangano alikuwa amempelekea. Boda boda ikawashusha nje ya geti. Mimi nilikuwa nimelifungua milango yote miwili, nimesimama katikati na leso mpya, mtoto amenishika mkono. Nilikuwa nimejipanga hata namna ya kusema karibu.

Mama mkwe hakuingia. Alilitazama geti, akautazama mlango ulio nyuma yangu, akalitazama geti tena.

"Hii ni nini?" akauliza.

"Ni geti, Mama. Karibu nyumbani."

"Nani aliweka rangach hapa?"

"Mimi," nikasema, na nilicheka, kwa sababu nilidhani ananisifu.

Aliongea na baba mdogo kwa Kijaluo, haraka, kisha akanirudia kwa Kiswahili ili nisikose neno. "Nyar Kuria," akaniita, binti wa Kuria, ndivyo anavyoniita. "Yule mwenye alizaliwa mbele hajaweka rangach yake. Huyu wa nyuma ataweka aje? Hii si nyumba saa hii. Hii ni dala. Mkilala hapa mmempita ndugu yake, na chira itaanza na huyu mtoto."

Niwaeleze, kama mimi nilivyokuja kuelezwa nikiwa nimechelewa. Kwao mwanamume anaweza kuishi katika nyumba yoyote, ya kupanga au ya kazi, na hakuna atakayemuuliza. Lakini akifungua lango lake, hiyo rangach, likatazamana na mlango wa mkewe, hapo ameweka dala, boma la mtu mzima anayejitegemea. Na dala huwekwa kwa zamu ya kuzaliwa. Kaka mkubwa kwanza. Mdogo akiruka zamu, chira huingia, ile laana inayomkondesha mtu mpaka aishe, na watoto huondoka wa kwanza. Kaka mkubwa wa mume wangu anafanya kazi Mombasa, ana mke na watoto, na hajawahi kusimika hata kigingi.

Baba mdogo alivua kofia. "Mama, sisi ni watu wa kanisa," akaniambia, kwa upole kabisa. "Lakini hii kitu haichezewi."

Nikageuka kumtazama mume wangu. Alikuwa juu ya pikapu anafungua kamba. Nilimngoja aseme neno. Mtu aliyesoma chuo kikuu, anayefundisha watoto wa watu kwamba jambo lisilothibitishwa haliandikwi jibu, nilimngoja aseme neno moja tu. Mama yake alimwita pembeni, akaongea naye kwa Kijaluo dakika chache, sikusikia. Aliporudi alipanda juu ya pikapu, akaanza kuifunga ile kamba upya.

Dereva aliuliza, "Sasa tunashusha ama tunarudisha?" Kamba ilikuwa imeshamjibu.

Tulirudi kwenye ploti, kule kwenye vyumba vya kupanga. Vyumba vyetu vilikuwa na mpangaji mpya aliyekwisha kuweka pazia. Mwenye ploti alituonea huruma akatupa chumba cha mwisho, kile cha kando ya choo, alichokuwa akiwekea mifuko ya saruji. Kitanda kiliingia, mtoto akaingia, sisi tukaingia, basi. Viti na meza yangu vilikaa kwa fundi wa vyuma chini ya turubai, na mvua ya Septemba ilipokuja ikavikuta huko.

Sijui kama mnajua kukasirika miezi minane. Si kama kukasirika siku moja, mtu ukapiga mlango ukapoa. Nilikasirika nikichota maji, nikakasirika nikipiga pasi. Nilikasirika kila nilipokanyaga kiatu cha mtu kwa sababu hapakuwa na pa kuwekea viatu. Niliwakasirikia wafu. Nilimkasirikia babu yake mume wangu ambaye sikuwahi kumwona, kwa kuzaa watu wenye zamu. Kazini nilikata mikono miwili ya kushoto kwa shati moja, jambo ambalo sikulifanya hata nikiwa mwanagenzi, na nikamkaripia mteja.

Jumapili mume wangu alipochukua chupa ya chai na kusema twende tukaangalie nyumba, nilimwambia aende akaiangalie yeye na kaka yake. Alikwenda na mtoto. Waliporudi, binti yetu aliniuliza, "Mama, nyumba yetu ilikosa nini?" Alidhani imeadhibiwa. Nikamwambia amuulize baba yake, na baba yake akajifanya anatafuta kalamu.

Kaka mkubwa nilimpigia simu mwenyewe. Ana sauti nzuri ya kucheka cheka. "Shemeji, mimi sina neno," akaniambia. "Ingieni mkae, mbona mnateseka? Hiyo ni mambo ya wazee." Nilikata simu nikiwa karibu kuimba. Kumbe jioni hiyo hiyo alimpigia mama yake, akasema mdogo wake anataka kumkalia kichwani na mke ndiye anamsukuma. Baba mdogo ndiye aliyeniambia, bila kujua kwamba ananiambia. Nilipompigia tena akasema atakuja Disemba kujenga. Disemba alituma picha ya watoto wake wakichimba mchanga ufuoni, na salamu za heri.

Nilimchukia. Naandika hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Nilimchukia mtu aliyeshika maisha yangu mfukoni huku anacheka cheka, na ambaye hakuhitaji hata kuja ili anizuie.

Mwezi wa Aprili mume wangu alisema twende matembezi, sisi watatu, kama zamani. Tulishuka Homa Bay asubuhi. Ziwa lilikuwa limetulia, magugu yamejaa kando, akina mama wanakaanga samaki pale pale tulipokula mara ya kwanza. Aliniagizia ngege mkubwa, akanitolea miiba kama mgonjwa. Kisha akasema, "Leo tutapita kwa Mama. Nitaongea naye. Nimepanga maneno."

"Umepanga kweli?"

"Nimepanga."

Nilikula yule samaki na macho yake. Njia nzima ya kwenda Magunga nilimwachia dirisha, nikamshikia mtoto, nikamtendea wema wote ninaoujua.

Tulikaa sebuleni kwa mama mkwe, chini ya kalenda ya kanisa. Mume wangu aliongea. Aliongea juu ya mvua, na mahindi ambayo nyani wa kutoka Ruma wanayamaliza, na ng'ombe mwenye kwato bovu. Aliongea juu ya mwalimu mkuu wao. Chai ikaletwa, akanywa kikombe cha kwanza, cha pili, na alipoinua cha tatu nikaona ya kwamba maneno aliyoyapanga yamekwisha na letu halikuwemo.

Mkaza mwana hafungui mdomo kwa mama mkwe namna nilivyofungua mimi. Kwetu ningeshikwa mkono nikatolewa nje. Niliweka kikombe chini. "Mama," nikasema, "mimi nimechoka. Nimelala kando ya choo miezi minane. Viti vyangu vimeoza. Mtoto wako mkubwa anacheka, mtoto wako mdogo ananyamaza, na mimi ndiye ninalipia. Katika Biblia yako na katika Biblia yangu sijaona mahali imeandikwa geti linaua mtoto. Niambie ni wapi imeandikwa niende nikasome."

Mume wangu alisema, "Mama mtoto," kwa sauti ya chini.

"Wewe kunywa chai," nikamwambia.

Mama mkwe hakukasirika. Nilitamani akasirike, ningekuwa na wa kupigana naye. Alifuta meza kwa kiganja, ingawa haikuwa na kitu. "Unafikiri mimi ni mtu mbaya," akasema. "Ngojea nikuambie. Kati ya huyu na mkubwa wake kulikuwa na msichana. Mzee wangu aliweka dala hii mbele ya ndugu yake mkubwa, kwa sababu ndugu yake alikuwa Tanzania, harudi. Sisi wawili tulikuwa wajanja hivyo. Msichana alikuwa na miaka kama ya huyu wako. Daktari alisema ni malaria. Mimi sijui. Pengine ni malaria. Lakini mimi ndiye nilimbeba kutoka hospitali mpaka hapa, na tangu siku hiyo sipimi hii kitu na mtoto wa mtu."

Binti yetu alikuwa amelala juu ya mapaja yake. Nilimwelewa mama mkwe wangu. Nilimwelewa mpaka mifupani, na hasira yangu haikupungua hata punje. Nilikuwa sijui kwamba mambo hayo mawili yanaweza kukaa kifua kimoja.

Kisha akasema, "Lakini kwani huyu hakukuambia? Siku ile ile nilimwambia. Nilimwambia, shida si nyumba, shida ni rangach. Toa hiyo rangach, uwache tu wazi. Bila rangach ni nyumba ya mji, kama ya kupanga. Mpike, mlale, nani atauliza? Nimekuwa nikijiuliza, hawa watoto wanangoja nini."

Nikamgeukia mume wangu. Alikuwa anatazama ndani ya kikombe kama kuna mtu humo.

Nilitoka nje, akanifuata mpaka nyuma ya zizi.

"Ulijua?"

"Nilijua."

"Tangu lini? Tangu siku ya pikapu?"

"Tangu siku ya tepu."

Nilimwona tena amesimama mlangoni na ile ncha mkononi. Haiwezi kukaa kando kidogo. Alilijua geti lile kabla halijawa geti. Alikubali lichorwe, likachomelewe, lipakwe rangi, nisimame katikati yake na leso mpya, akijua. Halafu akakubali nimchukie kaka yake na mama yake na babu yake miezi minane, wakati dawa ilikuwa ni spana.

"Kwa nini hukusema?"

"Ulikuwa umefurahi sana," akasema. "Halafu ukawa umekasirika sana. Sikupata siku ya katikati."

Nilimwambia maneno ambayo siyaandiki. Ng'ombe yule mwenye kwato bovu aliyasikia yote.

Jumatatu mume wangu alikwenda shuleni, nami nikaenda kwa fundi wa vyuma. Tulikodi mkokoteni. Yeye na mwenzake waliling'oa geti kwenye bawaba zake, wakalibeba mpaka nyuma ya nyumba, wakaliegemeza ukutani. Halikulia wala nini. Kazi yote ilichukua muda wa kupinda suruali mbili. Kisha tukaleta kitanda, cherehani, na vile viti vilivyovimba. Nilifagia vumbi la miezi minane na nikawasha jiko. Sikuacha ujumbe wowote kule kwenye ploti. Nilitaka akute chumba kitupu, ajue nacho kinavyokaa kimya.

Alikuja saa kumi na moja na vitabu vyake kwapani. Akasimama pale kwenye pengo, kati ya nguzo mbili.

"Niingie?" akauliza.

"Unaona mlango wa kubisha hapo?"

Aliingia. Alikuja moja kwa moja jikoni, akavua shati, akasonga ugali. Tulikula, binti yetu ndiye aliyeongea peke yake, akizunguka vyumba vyote na kubisha hodi kila mlango.

Badala ya geti tulifuga mbwa mkali. Mama mkwe alikuja baada ya wiki mbili, akapita katikati ya zile nguzo bila hata kupunguza mwendo, akaomba, akala, akasifia jiko. Kabla ya kuondoka alizunguka nyuma akalikuta geti, kuku wangu wamelipanda. Alipitisha kidole juu ya almasi moja. "Hii ni kazi safi," akasema. "Nani alichora?"

"Ni mimi, Mama."

"Usiuze," akasema. "Ngojea tu."

Ningewaambia kwamba hasira iliisha hapo, lakini ningekuwa naongopa. Ilipungua ikabaki ya kila siku. Kila nilipotupa takataka niliona kutu inaanza pembeni mwa kijani changu, na ilinikumbusha kwamba naishi na mtu anayeweza kukutazama ukitembea kuelekea shimoni, akanyamaza kwa sababu unatembea kwa furaha. Mambo mengine madogo yalipotokea, nilimuuliza mara mbili mbili. Uji umeungua, ulijua? Gesi inaisha, ulijua? Alichoka nami, na nikamwambia achoke.

Mwaka jana kaka mkubwa alikuja. Alisimika nyumba ya mabati na rangach yake kule Magunga, baba mdogo akatangulia alfajiri na jogoo, kila kitu kwa utaratibu wake. Siku tatu tu, akarudi Mombasa akicheka cheka. Mama mkwe akanipigia mimi, si mwanawe. "Nyar Kuria, saa hii unaweza."

Jumapili iliyofuata mume wangu alirudi na tepu ndefu ya kuazima. Bila kuambiwa alikwenda akasimama katikati ya mlango, akashika ncha. Mimi nikaenda mpaka kwenye pengo na ile nyingine. Lakini sikuivuta. Niliiacha imelala chini, nikamtazama.

"Kabla sijavuta," nikamwambia, "sema yote unayoyajua."

Nilimwona akitafuta kalamu ambayo hakuwa nayo. Binti yetu, ambaye sasa anasoma darasa la kwanza, alikaa kwenye ngazi akatusikiliza.

"Ukivuta hapo hii inakuwa dala," akasema. "Baba mdogo atakuja na jogoo. Wewe ndiye utawasha moto wa kwanza, na usiku huo hatulali kwingine."

"Hayo mama yako ameshaniambia. Na nini kingine?"

"Na ukifa, utazikwa hapa. Si kwenu. Hata tukiwa tumekosana, hata kama baba yako atakuja na gari kukuchukua, watu wa kwetu hawatampa. Geti likishasimama, hapa ndipo kwako."

Ilikuwa mara ya kwanza tangu tuoane kumsikia akisema jambo baya kabla halijatokea.

"Upande gani?" nikauliza.

"Kushoto kwa mlango. Mimi kulia."

Nikatazama kushoto kwa mlango. Ndipo nilipokuwa nimepanda sukuma wiki yangu, mistari minne iliyonyooka, na asubuhi hiyo hiyo nilikuwa nimeichuma. Hasira ilinipanda upya, kwamba hata hapo alikuwa amenitazama nikipalilia misimu miwili bila kusema kitu. Lakini sasa alikuwa amesema. Nilirudi pale mlangoni, nikamgeuza bega aelekee kushoto.

"Shika vizuri," nikamwambia, "isilegee."

"Geti liko kule," akasema.

"Najua geti liko wapi."

Nikaivuta tepu juu ya sukuma, sambamba na ukuta, mpaka kwenye waya. Tulipata futi saba na nusu, za kunitosha nikilazwa. Nikaisoma mara mbili, kisha tukageuka tukapima geti.